Usiku, ndege ya injini moja na milima ya Kigoma: kinachoua hasa ni nini?

#1 Mwandiga Juu
Wakuu, heshima kwenu. Kila ndege ndogo ikigonga mlima watu husema "ukungu" au "injini", mjadala unakufa hapo. Mimi nadai hivi: ajali ya usiku milimani inayotisha kuliko zote ni ile ambayo ndege ilikuwa nzima kabisa. Injini inaunguruma vizuri, mafuta yapo, rubani yuko macho na usukani uko mkononi. Mlima tu hakuuona.

Tuanze na hapa kwetu. Uwanja wa Kigoma uko kama futi 2,700 juu ya usawa wa bahari. Ukienda kusini kwa kufuata Ziwa Tanganyika unaikuta milima ya Mahale, na kilele chake Nkungwe kina mita 2,462, yaani futi 8,077. Ukienda kaskazini kuelekea Bujumbura, kulia kwako ni safu za Burundi zinazopita mita 2,600, na ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo ni Itombwe inayopita mita 3,000. Ziwa limekaa kama maji ndani ya mtaro. Mchana unaziona kuta zote mbili. Usiku usio na mwezi huoni hata moja.

Kwa hiyo jibu langu ni giza. Karibuni mnipinge.

#2 Embe la Tabora
Mkuu nimekusoma, ila giza ni giza tu, Tabora lipo na Dodoma lipo. Kinachobadilika milimani ni nguvu ya ndege. Kila futi 1,000 unazopanda, injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake. Cessna 172S, ndege ndogo ya injini moja yenye nguvu za farasi 180, inaandikiwa kikomo cha futi 14,000, na hicho kikomo maana yake imebakiza kupanda futi 100 tu kwa dakika, tena ikiwa mpya na hewa ikiwa ya kawaida. Ukifika mlimani ndege haina tena nguvu ya kukutoa. Hapo hata uwe na macho ya paka.

#3 Karabai
Watani wa Tabora mlima wenu mrefu ni kichuguu, lakini leo mmesema la maana 😀

Naongeza kitu ambacho mtu wa bara hawezi kukijua. Usiku wa giza, ziwani kuna mamia ya taa za wavuvi wa dagaa. Zamani karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola. Kutoka juu, taa zile zimetawanyika kwenye weusi kama nyota. Rubani aliyetoka nje ya mawingu membamba anaweza kushindwa kujua nyota zinaishia wapi na taa zinaanzia wapi. Safu ya mitumbwi ikikaa mshazari, jicho linaichukua kuwa ndiyo upeo wa macho, na mkono unainamisha bawa kuifuata bila mwenyewe kujua.

Kiangazi kuna jingine. Kati ya Julai na Septemba miombo inaungua. Moto unapanda mgongo wa kilima kwa mstari mrefu. Kwa mbali unafanana na taa za mji, au na njia ya kurukia. Na moshi wake unameza taa za kweli.

#4 Fundi Propela
#2 uko sawa ila umesahau joto. Hesabu yenyewe si ngumu. Joto la kawaida la vitabuni ni nyuzi 15 usawa wa bahari, toa 2 kwa kila futi 1,000. Kigoma ingetakiwa kuwa na nyuzi 9.6 hivi. Jioni ikiwa 30, tofauti ni 20.4. Zidisha kwa 120 unapata karibu futi 2,450. Jumlisha na 2,700: ndege inahisi iko futi 5,150 wakati magurudumu bado yako chini.

Tabora, ambako uwanja uko karibu na futi 3,900, kwa nyuzi 30 hizohizo ndege inahisi iko futi 6,600. Kwa hiyo watani wasicheke sana, uwanja wao ni mgumu kuliko wetu siku ya joto.

Kosa ninalolikemea kila siku ni kuruka viwanja hivi na mikscha (mkono wa kupanga mafuta kwa hewa) imesukumwa mbele yote. Juu ya futi 3,000 unakanyaga breki, unafungua throto (mkono wa nguvu ya injini) yote, unavuta mikscha taratibu mpaka mzunguko ufike juu kabisa, halafu unaiacha hapo. Usipofanya hivyo injini inakula mafuta mengi mno kwa hewa iliyopo, nguvu inapungua, plagi zinashika masizi, na wewe unadhani "leo ndege imechoka".

#5 Upepo wa Kusi
Naheshimu hoja zote, ila upepo mmeuacha wapi?

Upepo ukivuka mgongo wa mlima kwa kasi ya noti (maili za baharini kwa saa) 20 hadi 25 na zaidi, upande wa nyuma unashuka kama maji ya poromoko. Mshuko wa futi 1,000 kwa dakika si jambo la ajabu. Cessna yenu hiyo ikiwa futi 10,000 inapanda labda 300. Toa mwenyewe. Hewa hiyo ikishavuka mlima hupanda na kushuka kama mawimbi, na chini ya mawimbi hayo kuna hewa inayojiviringisha, na ndiyo inayorusha watu kwenye dari.

Mchana angalau unapewa dalili: wingu lenye umbo la dengu limesimama palepale juu ya mlima, vumbi, miti. Usiku dalili zote zimezimwa. Mkanda ukianza kukukata kiunoni, umeshafika.

Kwa hiyo #1, si giza linaloua. Giza linaficha tu muuaji.

#6 Ramani Mkononi
Wakuu wote mnaeleza kilichotokea hewani. Mimi naona kosa linafanyika mezani, kabla hata funguo haijaguswa.

Chora mstari wa safari. Pima maili 10 za baharini kila upande wa mstari. Tafuta sehemu iliyo juu kuliko zote ndani ya ukanda huo. Milimani ongeza futi 2,000. Namba unayopata huivunji usiku mpaka uwe juu ya uwanja unaouona. Ukanda ukigusa Nkungwe: 8,077 jumlisha 2,000 ni 10,077, kwa hiyo unaruka 10,500 au 11,000, basi. Ndege haiwezi kufika hapo na uzito uliopakia? Punguza mzigo au subiri asubuhi.

Angalieni mlima Otay, karibu na San Diego huko Marekani. Machi 16, 1991 ndege iliyobeba wanamuziki wa bendi ya mwimbaji Reba McEntire iliruka usiku kutoka uwanja wa Brown Field na kugonga mlima huo dakika chache baadaye. Watu 10 walikufa. Marubani walikuwa wameondoka kwa kuruka kwa macho, yaani kwa kutazama nje, ruhusa ya kuruka kwa kufuata vyombo waipokelee hewani. Oktoba 24, 2004, uwanja uleule, mlima uleule, usiku, kwa mpango uleule wa kuchukua ruhusa hewani: jeti aina ya Learjet, watu 5 walikufa. Mlima hauna hata futi 3,600.

#7 Kibirizi Pwani
Hizo Cessna za Marekani kumbe zilikuwa zinabeba bendi nzima?

#8 Ramani Mkononi
Hapana mkuu, sikusema Cessna. Ya 1991 ilikuwa Hawker Siddeley, jeti ya injini mbili. Ndiyo maana nimeitaja. Nguvu ya kupanda walikuwa nayo tele, na hewa nyembamba haikuwepo. Hii inaipinga hoja ya #2 na #4, angalau kwa ajali zile.

#9 Embe la Tabora
Nakubali kwa Otay. Lakini uzi unahusu ndege ndogo. Jeti ina nguvu ya kusahihisha kosa la rubani akiligundua sekunde za mwisho. 172 haina. Tusichanganye.

#10 Mwandiga Juu
Shukrani wote. #6 nakuongezea wa tatu: Novemba 23, 2011, Arizona, ndege ya propela mbili aina ya Rockwell 690 iliondoka Mesa usiku wa giza, hali ya hewa nzuri, ikanyoosha moja kwa moja mpaka kwenye Superstition Mountains. Watu 6. Anga ilikuwa wazi kabisa. Hakuna wingu, hakuna upepo wa kutisha, hakuna hitilafu. Narudi palepale, giza.

#11 Daktari wa Ujiji
Mnaongelea giza kana kwamba jicho la binadamu ni kamera. Hebu tuingie humo.

Jicho linahitaji kama dakika 30 gizani ili lizoee. Mwanga mkali wa simu kwa sekunde chache unakurudisha nyuma sana. Na katikati kabisa ya jicho usiku ni kipofu, kwa sababu chembe zinazoona gizani ziko pembeni. Ukikikazia macho kitu chenye weusi, kinapotea. Unatakiwa utazame pembeni yake kidogo, kisha uhamishe macho taratibu.

Taa nyekundu ndani ya chumba cha rubani inalinda macho lakini inafuta rangi nyekundu na kahawia kwenye ramani. Mistari ya miinuko kwenye ramani nyingi ni ya kahawia. Nadhani mmeelewa mtego ulipo.

#12 Kibirizi Pwani
Oksijeni je? Nilisoma si lazima mpaka futi 12,500, kwa hiyo kwa milima yetu haituhusu.

#13 Daktari wa Ujiji
Mkuu, hiyo ni kanuni ya Marekani kwa rubani: kati ya futi 12,500 na 14,000 anaruhusiwa dakika 30 bila oksijeni, juu ya 14,000 ni lazima muda wote. Kanuni haisemi mwili uko salama chini ya hapo. Uwezo wa kuona usiku unaanza kupungua kuanzia kama futi 5,000, na ndiyo maana ushauri kwa rubani wa usiku ni kutumia oksijeni kuanzia huko. Kwa njia ya Mahale ya #6, futi 10,500, uko mara mbili ya kiwango hicho.

Mvutaji wa sigara anaanza safari akiwa kama ameshapanda futi elfu kadhaa, kwa sababu damu yake tayari imebeba moshi. Na ubaya wake ni kwamba ukikosa oksijeni unajisikia vizuri, hata mchangamfu. Kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu ni kidogo na kinasaidia. Kikisoma chini ya asilimia 90, shuka kama mlima unaruhusu au vaa oksijeni.

#14 Fundi Propela
Daktari umenikumbusha. Futi 10,000 usiku kuna baridi, rubani anafungua hita. Kwenye ndege nyingi za injini moja hewa ya hita inapita kuzunguka bomba la moshi. Bomba likiwa na ufa, sumu ya moshi inaingia chumbani, haina rangi wala harufu. Kila ukaguzi tunafungua ganda la hita tunatazama viungo na michomelo, lakini ufa unaweza kuanza siku moja baadaye. Weka kipima sumu hiyo kwenye dashibodi. Kichwa kikiuma: funga hita, fungua madirisha ya hewa, tafuta uwanja.

Na wenye injini za kabureta: barafu ya kabureta haihitaji Ulaya. Hewa yenye unyevu, joto kati ya nyuzi -7 na 21, inatosha kabisa, na huko juu ya Mahale msimu wa mvua ni humohumo. Mzunguko wa injini unashuka taratibu, unasukuma throto, unashuka tena. Vuta hita ya kabureta yote. Injini itakohoa na kutikisika dakika moja mbili kwa sababu inameza maji. Wengi wanaogopa kukohoa huko wanairudisha, na hapo ndipo inapozima.

#15 Msafiri wa Malagarasi
Mmesahau altimita, kile kipima mwinuko. Hewa ikibadilika mgandamizo, altimita inakudanganya uko juu kumbe uko chini. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa.

#16 Ramani Mkononi
Kwa nchi za baridi ndiyo. Kwetu hapana, au kidogo sana. Hektopaskali moja, kipimo cha mgandamizo, ni kama futi 30. Ukanda wa ikweta mgandamizo unapanda na kushuka kwa siku labda hektopaskali 4, yaani futi 120. Na joto letu liko juu ya lile la vitabuni, kwa hiyo kwa kawaida ndege iko juu kidogo kuliko altimita inavyosema. Anayeongeza futi 2,000 hauawi na futi 120.

Kinachoua ni kuweka namba isiyo sahihi kwenye kidirisha cha altimita: 1003 badala ya 1013 au kinyume chake. Hapo tayari ni futi 300. Isome kwa sauti, na hakikisha altimita inaonyesha mwinuko wa uwanja kabla ya kuondoka.

#17 Upepo wa Kusi
Karibu na mgongo wa mlima wenye upepo mkali altimita inaweza kukudanganya pia, kwa sababu hewa inayokimbia mgandamizo wake unashuka. Msafiri hajakosea kabisa.

#18 Ramani Mkononi
Kweli. Nakubali hilo.

#19 Karabai
Turudi kwenye hisia za mwili maana ndizo zimeua wengi juu ya maji. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasiojua kuruka kwa vyombo, wakanyimwa kuona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti. Wastani: sekunde 178. Hazifiki dakika 3.

John F. Kennedy Jr., mtoto wa rais wa Marekani, alianguka na ndege yake baharini Julai 16, 1999, usiku, utusitusi juu ya bahari, rubani asiye na leseni ya vyombo. Hapakuwa na mlima hata mmoja. Sasa chukua giza lile la maji, weka ukuta wa mita 2,000 pembeni. Hilo ndilo Ziwa Tanganyika.

Na ukiondoka kuelekea ziwani, taa za mji zikipita chini ya pua hakuna kitu tena mbele. Ndege inaongeza kasi, sikio la ndani linasema "pua imeinuka mno", mkono unasukuma mbele. Unashuka kuelekea majini ukiamini unapanda. Dawa ni moja: macho kwenye vyombo tangu magurudumu yanapoachia, mwinuko wa kupanda thabiti, hakuna kugeuka kabla ya futi 1,000 juu ya uwanja.

#20 Fundi Propela
Vyombo vyenyewe vinategemea nini? Kwenye ndege za zamani, kioo cha upeo bandia na cha mwelekeo vina jairo (gurudumu linalozunguka kwa kasi) inayoendeshwa na pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa. Pampu kavu inakufa ghafla. Jairo haianguki papo hapo, inalala polepole kwa dakika kadhaa, na rubani anaifuata inavyolala mpaka anajikuta kwenye mzunguko wa kushuka. Geji ya vakyumu isome kila baada ya dakika 10, iwe kati ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki. Kipima mgeuko kinatumia umeme, hicho ndicho kimbilio.

Oltaneta ikifa una betri tu. Zima taa zisizohitajika, redio moja. Hesabu nusu saa, usihesabu zaidi. Tochi mbili, moja imefungwa shingoni. Tochi iliyo kwenye begi kiti cha nyuma usiihesabu.

#21 Mwandiga Juu
Je, mtu akishagundua yuko bondeni na mbele kumefunga? Anageukaje?

#22 Ramani Mkononi
Usiku hatakiwi kuwa bondeni kabisa. Lakini hesabu ni hii. Kipima kasi kikisoma noti 100 usawa wa bahari, kasi halisi ni 100. Futi 10,000 kipimo kilekile kinamaanisha kama 120, kwa sababu inaongezeka asilimia 2 kwa kila futi 1,000. Ukigeuka kwa mshazari wa digrii 30, duara la noti 100 lina kipenyo cha mita 940 hivi. La noti 120 ni mita 1,350. Mkono umefanya jambo lilelile, bonde limepungua mita 400. Anayesema "nitageuka tu" ajue hilo.

#23 Upepo wa Kusi
Na mgongo wa mlima usiuvuke kwa pembe mraba. Uendee kwa digrii 45, ili ukianza kushushwa ugeuke robo tu na urudi kwenye hewa nzuri.

#24 Msafiri wa Malagarasi
Injini ikizima kabisa usiku juu ya Mahale?

#25 Fundi Propela
172 inateleza kama maili 1.5 za baharini kwa kila futi 1,000 ulizonazo juu ya ardhi. Ukiwa futi 5,000 juu ya ardhi, maili 7 na nusu, bila kuhesabu upepo. Ndiyo maana wenye busara wanapita juu ya ufuko, hata kama njia inakuwa ndefu.

Kifaa cha kurusha ishara ya dharura kiwe cha megahezi 406. Cha 121.5 peke yake, setilaiti ziliacha kukisikiliza tangu Februari 1, 2009. Bado ndege za zamani zinabeba vile na mwenye ndege anaamini ataokolewa. Kagua betri na waya wa antena, maana ajali hukata antena kwanza.

#26 Kibirizi Pwani
Kuna mtu kasema Chilima, makamu wa rais wa Malawi, alikufa kwa sababu hizihizi?

#27 Daktari wa Ujiji
Ile ilikuwa asubuhi, mkuu. Juni 10, 2024, Dornier 228 ya jeshi, ilishindwa kutua Mzuzu kwa sababu ya kutoona, ikaanguka msitu wa Chikangawa kwenye milima ya Viphya. Watu 9. Na Kenya Juni 5, 2018, ndege ya injini moja aina ya Caravan iligonga milima ya Aberdare ikiwa karibu futi 11,000, watu 10, jioni kabla ya giza. Safu ile ina kilele cha mita 4,001.

#28 Embe la Tabora
Basi hizo mbili zinamjibu #1. Wingu la mchana limefanya kazi ya giza. Giza si sababu, ni kutoona.

#29 Mwandiga Juu
Mkuu, kutoona na giza unavitofautisha vipi ukiwa usukani? Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba wingu unaweza kuliona ukiwa nje yake ukageuza. Giza unaingia nalo tangu chini, na linaonekana kama hali ya hewa nzuri.

Halafu kuna jambo la saa. Jua la Kigoma linazama karibu dakika 38 baada ya la Dar, maana tuko digrii 9 na nusu magharibi zaidi kwa saa ileile. Anayetoka Dar akipiga hesabu ya machweo ya kwao atafikiri amechelewa. Anayeondoka Kigoma jioni kwenda mashariki, giza linamjia mbio mbele. Na ikweta haina jioni ndefu. Dakika 20 na kitu tangu jua lizame, kazi imekwisha.

#30 Kibirizi Pwani
Suluhisho rahisi: ruka usiku wa mbalamwezi. Wavuvi wenyewe mwezi ukiwa mkubwa hawaendi dagaa, kwa hiyo taa za kudanganya hazipo.

#31 Karabai
Hapo umegusa penyewe, ni kweli taa zinapungua sana. Mwezi mpevu juu ya ziwa unaonyesha ufuko vizuri.

#32 Upepo wa Kusi
Mwezi hauonyeshi upepo.

#33 Ramani Mkononi
Na mwezi una ratiba. Siku ya mwezi mpevu unachomoza jua linapozama, saa 1 usiku hivi hapa Kigoma. Kila siku unachelewa kama dakika 50. Siku ya tatu baadaye unachomoza saa 3 na nusu, na anayeondoka saa 2 anaruka kwenye giza tupu huku kalenda ikimwambia mwezi bado ni mkubwa.

Tena unachomoza nyuma ya milima. Mteremko wa Mahale unaotazama ziwa uko magharibi, kwa hiyo saa ya kwanza na zaidi unabaki kwenye kivuli chake wenyewe wakati maji yanang'aa. Ukitokea ziwani unaona maji meupe chini, anga nyeupe juu, na katikati weusi mmoja usio na mstari. Nkungwe iko ndani ya weusi huo.